Herufi za Jina la Chadia

Kasomeno, 21 Aprili 2024

Mwanangu Chadia,

Salaam alaykum. Mimi mzima, ila mgongo, na habari za mgongo wangu umeshazizoea. Kifua cha mama yako kinaendeleaje? Na wewe mwenyewe, u mzima? Leo nakuuliza hilo kwa moyo wote, si kwa desturi tu. Utaelewa sababu.

Bahasha yako ilifika Jumanne na Guelor, yule dereva anayetuletea saruji. Mvua ilikuwa imeilowesha ikapasuka. Karatasi zikashuka kwanza, barua ikabaki kwenye lori. Aliyezipokea ni Elisée, mwenzangu wa Kambove aliyeacha kuchimba madini akaja kuponda mawe nasi barabarani. Anasoma haraka kuliko sisi wote. Aliangalia ukurasa wa juu, akanifuata pale ninapomwaga kokoto.

"Papa Asumani, ikala kwanza."

"Nikae kwa nini?"

"Ikala tu, papa."

Nikakaa. Akanipa karatasi. Nikaona picha yako ndani ya duara. Chini yake jina lako, kwa herufi za dhahabu zenye mikia, zinazopindapinda kama moshi wa ubani. Chini ya jina: 2019 – 2024. Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini karatasi ya namna hiyo nimeiona imebandikwa kwenye milango mingi ya mtaa wetu wa Kamalondo. Watu waliovaa fulana zenye maandishi yale huwa wanatoka makaburini.

Nilisema inna lillahi. Wenzangu wakavua kofia. Shefu David, msimamizi wetu, akazima mashine ya kushindilia, mwenyewe, kwa mkono wake, mtu ambaye haizimi hata tukiumia. Mmoja akaniletea maji. Ndipo Elisée akaiangalia tena ile karatasi.

"Lakini papa, mutoto wako alikuwa na myaka ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

"Sasa mbona hapa ni 2019 mpaka 2024? Mutoto wa myaka tano anavaa herini na miwani?"

Guelor akateremka kwenye lori anapiga kelele. "Nani amekufa? Chadia? Mie nilimuona jana, haki ya Mungu! Alinifukuza pale pa duka, anasema nikichelewesha barua ya baba yake atanikata masikio!"

"Basi iko muzima?" akasema shefu. "Mashine! Kazi!"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilichukua barua yako kwa Guelor, nikaenda nayo nyuma ya mapipa ya lami, nikaisoma.

Sasa nimeelewa. Unataka nikuchagulie herufi za ukurasa wa kwanza wa dosie yako, lile jalada la michoro utakalowapa watu wa vitabu mwezi wa sita. Herufi hizo unaziita "police", kwa Kifaransa. Hapa kambini mtu akitaja police tunatafuta vitambulisho. Na ile miaka ni miaka uliyochora. Sawa. Lakini herufi zile zitoe, na miaka itoe. Kurasa nyingine sijaziangalia. Nimezilaza kifudifudi.

Shauri langu: weka herufi kubwa, nene, nyeusi, kama zile za ubavuni mwa lori. Mtu azisome akiwa ng'ambo ya barabara.

Na makubaliano yetu ni yaleyale. Nakuambia wazi, ndiyo tabia yangu. Wakikuchukua ukawachorea kitabu chao, utakuwa mchoraji na mimi nitanyamaza. Wakikukataa, mwezi wa nane utakwenda Sakania kwa shangazi Rabia, mkauze vitenge pamoja. Ameshakuwekea nafasi kwenye meza yake sokoni. Usinijibu kwa machozi. Nijibu kwa dosie.

Baba yako,
Asumani


Lubumbashi, 4 Mei 2024

Baba mpenzi,

Waalaykum salaam. Mama hajambo, kifua kimepungua tangu mvua zianze kukatika. Barua yako nilimsomea, naye akasema, "Ungemuua baba yako kwa wino." Tangu siku ile hataki kunipa chai.

Nisamehe, baba. Nilikaa na ile karatasi mbele ya macho siku nyingi na sikuona chochote. Unajua natumia kompyuta ya kaka Précieux pale kwenye duka lake la kuchapa, baada ya kazi. Na kazi yetu ni nini? Karatasi za vilio na za harusi, lakini vilio ndivyo vingi. Mtu anakuja na picha na jina, naweka duara, naweka dhahabu, naweka miaka. Nilipofika kwenye jina langu, mkono ulikwenda wenyewe. Nilijizika vizuri kabisa, hata nikasifu kivuli cha herufi.

Kwa hiyo huna haja ya kuniambia tena kuwa duka hili haliwezi kunilisha. Mimi mwenyewe nimeshaona linanifanya nini.

Sasa nami nikuambie wazi, maana tabia hiyo nimeirithi. Shauri lako la herufi za lori nimelijaribu. Jina langu limekuwa kama tangazo la saruji. Baba, ukurasa ule si ukuta. Nimeondoa picha yangu, nimeweka mchoro: mama mmoja pale soko la mtaa wa Kenya anapima unga kwa meka, lile kopo la kupimia, na mteja wake anamwangalia. Herufi nene zikikaa juu yake, yule mama anaonekana kama amebebeshwa mzigo. Herufi zina uzito, kama mawe yako. Ukizipanga vibaya zinamponda mtu.

Nakutumia kurasa tatu. Mchoro ni uleule, jina ni lilelile, herufi ndizo zinazobadilika. Nimezitia alama nyuma: moja, mbili, tatu. Safari hii usiniambie ipi nzuri. Waonyeshe wenzako mmoja mmoja, na uniandikie neno la kwanza linalotoka mdomoni mwa kila mtu. Hilo tu.

Kuhusu Sakania nimesikia. Dosie inapokewa tarehe ishirini mwezi wa sita. Wanatafuta mtu mmoja tu, wa kuchora kitabu cha hadithi cha watoto wa shule. Ninaweza, baba. Sisemi kwa kiburi.

Mutoto wako,
Chadia


Kasomeno, 26 Mei 2024

Mwanangu Chadia,

Amani kwako na kwa mama yako. Mwambie akupe chai, nimesamehe. Mimi nipo. Tumefika kwenye kijito, tunajenga daraja dogo, maji ni baridi na miguu inakaa ndani yake mchana kutwa. Jioni nakuwa mzee kuliko umri wangu. Lakini nakula vizuri, usiogope.

Kazi uliyonipa nimeifanya kwenye jumba la mabati tunamokula, na kelele zilikuwa nyingi.

Ya kwanza, ile ya herufi nyembamba zilizosimama wima. Elisée: "Duka ya dawa." Shefu David: "Eh, hata mie nilitaka kuuliza bei ya kinini." Mwingine akasema herufi zimekonda, zinahitaji kula.

Ya pili, ile yenye herufi za mviringo kama zimefutuka. Hapo walipenda. Elisée: "Kanisa mupya!" Guelor naye alikuwepo, akasema, "Hapana, ni kinywaji ya watoto, ile ya kipepeo." Wakabishana, wakacheka, kila mmoja akataka kuishika. Shefu akasema jina lako linaonekana tamu.

Ya tatu, mwanangu, pole. Imeshindwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyezungumza juu ya herufi. Niliwaonyesha, na mama Agnès anayetupikia akasogea na mwiko mkononi, akaangalia, akasema, "Huyu mama ni mwizi."

"Mwizi namna gani?" akauliza Elisée.

"Hauone kidole? Kidole gumba kiko ndani ya meka. Unga inapunguka pale."

"Anashika tu, mama. Wewe ungeshika namna gani?"

"Mie? Mie najua wauza unga!"

Basi ikawa hivyo. Nusu wanasema anaiba, nusu wanasema anashika. Shefu akasema mteja anajua, ndiyo maana anaangalia vile, ila anaona haya kusema. Ugali ukapoa. Nikawaambia, "Jamani, herufi! Mutoto anauliza herufi!" Elisée akasema, "Herufi gani?" Ameishika karatasi mkononi na ananiuliza herufi gani!

Kwa hiyo nakushauri ya pili. Ndiyo iliyosemwa zaidi. Ile ya tatu nimeibandika pale jikoni kwa sababu Agnès hataki kuirudisha.

Baba yako,
Asumani


Lubumbashi, 9 Juni 2024

Baba,

Salamu nyingi, na mama anakusalimu. Naandika kwa haraka maana Guelor ameshawasha lori.

Ya tatu imeshinda! Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikapiga kelele mpaka mteja aliyeleta picha ya marehemu akanitazama vibaya. Baba, ninyi mlisoma jina langu, mkapita, mkaingia ndani. Hamkugonga mlango hata mara moja. Nataka herufi za kazi hiyo. Hizo nyingine mbili zilisimama barabarani kuwauzia vitu.

Kaka Précieux anasema ni kavu, anataka niongeze dhahabu kidogo. Nimemwambia dhahabu nimewaachia marehemu.

Dosie imekamilika, michoro yote imeingia. Tarehe ishirini naipeleka mwenyewe. Vaa viatu vya mpira kwenye yale maji, nakuomba.

Mutoto wako,
Chadia


Kasomeno, 28 Julai 2024

Mwanangu Chadia,

Salaam alaykum. Natumaini mnalala vizuri na baridi hii. Mimi nimepata viatu vya mpira, daraja limekwisha.

Tarehe ishirini ilipita, na mwezi mzima ukapita. Guelor amekuja hapa mara nyingi. Kila mara namwangalia mikono. Anasema, "Papa, aliniambia salamu tu." Mimi nimeishi na wewe, najua mdomo wako unafungwa lini. Ukipata kitu unakuja mbio. Ukikosa unapanga nguo zako.

Basi nimeshajijibu mwenyewe: wamekukataa. Kama nimekosea, utanicheka. Kama sikukosea, sikiliza.

Ule ukurasa bado uko jikoni. Umeshaingia moshi na mafuta. Wenzetu wapya kutoka Kasenga wamekuja wiki iliyopita, hawakujui wala hawanijui. Siku ya kwanza tu, kabla ya kuosha mikono, mmoja akasema, "Eh, huyu mama anaiba." Mwingine akamjibu, "Anaiba wapi?" Wakaanza upya, kana kwamba jambo limetokea leo asubuhi.

Niliwasikiliza nikiwa nimechoka, nimeegemea gunia. Nikafikiri hivi. Mimi nimeweka mawe mengi kwenye barabara hii, na ninayaweka sawasawa. Magari yatapita, na ni vizuri. Lakini hakuna mtu atakayesimama kugombana juu ya jiwe langu. Wewe umeweka kidole kimoja ndani ya kopo, na watu wazima wanaacha ugali upoe.

Mtu kama huyo simpeleki Sakania kukunja vitenge. Nilikwenda mpaka kwenye kilima chenye mtandao, nikampigia shangazi yako, nikamwambia ile nafasi ampe mwingine. Alinitukana kidogo. Alisema, "Kaka, weye na mutoto wako muko na kichwa moja." Nikamwambia asante.

Makubaliano yetu niliyaweka mimi, na mimi nimeyavunja. Watu wa vitabu ni wale tu? Hakuna wengine?

Baba yako,
Asumani


Lubumbashi, 6 Agosti 2024

Baba mpenzi,

Waalaykum salaam. Mama mzima, baridi haimsumbui. Amekufumia fulana ya sufu, Guelor ataileta pamoja na barua hii.

Hukukosea. Walikataa. Walimchukua mwanaume mmoja wa Likasi. Niliona michoro yake, anachora wanyama vizuri kunishinda, na kitabu chao kimejaa wanyama. Mama mmoja wa pale alinirudishia dosie mkononi, akaniambia niendelee. Nilisema asante, nikatembea kwa miguu mpaka Kamalondo. Nilikuwa sijui kama nimekasirika au nina njaa.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekuambia ninaweza, na makubaliano ni makubaliano. Nilipanga nguo, kweli, kama ulivyosema. Nilikwenda kuaga dukani. Kaka Précieux alihuzunika, lakini akauliza kama ninaweza kumaliza kilio kimoja kwanza. Guelor alinikuta uani nafunga begi, akaniuliza, "Unaenda wapi na barua ya baba yako haujasoma?" Nilisoma nimekalia begi. Mama akatoka, akaniona nalia, akadhani safari hii umekufa wewe.

Nguo nimezirudisha kabatini.

Dukani sasa nafanya kazi asubuhi tu. Mchana kaka Précieux ameniruhusu nichore. Kuna watu wa afya hapa mjini wanatafuta mtu wa kuchora mabango ya akina mama na watoto wachanga. Wanataka nyuso na mikono, hakuna tembo hata mmoja. Nimeongeza michoro mitano. Mmoja una wanaume waliovua kofia karibu na rundo la kokoto, na mmoja wao amekaa chini. Sikuweka jina la mtu yeyote, usiwe na wasiwasi, ila Elisée atajitambua kwa masikio, Guelor amenieleza yalivyo.

Ukurasa wa kwanza haubadiliki. Watu watatu wameshanishauri tangu Julai: mmoja anataka rangi nyekundu, mmoja anataka herufi ziinuke, mmoja anataka nirudishe picha yangu. Nimewasikiliza wote kwa adabu. Ninakutumia nakala moja safi, kwa sababu ile ya jikoni imeshaharibika. Usiwaulize wenzako wanaionaje. Safari hii hatuchagui, baba. Nimeshachagua.

Miadi na watu wa afya ni kesho saa tisa mchana. Wakinikatalia pale, kuna ofisi nyingine upande wa pili wa barabara, na baada ya hiyo kuna nyingine. Lubumbashi ni kubwa, na mimi bado ni mwepesi wa miguu.

Mutoto wako,
Chadia