Utafiti Ulioondolewa

Chebet mjukuu wangu,

Hapa Kapsoya tuko salama. Mahindi ya babu yako kule Moi's Bridge yamemfika kifuani, na maringo yake hayana mwisho.

Umeniuliza kwa nini ufungue tena kila utafiti mtandaoni ilhali marejeo yote yameshaingia kwenye programu yako ya kuyatunza. Nilipoanza kazi katika maktaba ya hospitali, daktari mmoja kijana alinijia mbio. Wodini kulikuwa na mtoto mahututi, naye alitaka dozi ya dawa kutoka kwenye utafiti tuliokuwa tumeuhifadhi zamani katika programu kama hiyo yako.

"Mama, si utafiti uko hapo? Niprintie niende!"

"Ngoja niangalie kule tulikoutoa."

"Mtoto hangoji!"

Mtandao ulijivuta, naye akigonga meza. Ukurasa ulipofunguka, juu yake kulikuwa na maandishi mekundu: utafiti umeondolewa, dozi ilikosewa. Kwenye programu yetu haukuwa na alama yoyote.

Daktari alisoma, akaacha kugonga meza. "Tutafute mwingine," akasema kwa sauti ndogo. Tuliupata, na mtoto akapona.

Tangu siku hiyo, kila alipokuja maktaba, alivuta kiti mwenyewe, akakaa kungoja ukurasa ufunguke.

Ni mimi Kogo, ninayekuwaza.