Gilasi ya kuume na ya kushoto

Lundi, 5/3/1984
Titi ya kuume imekuwa jiwe. Ngoy — miezi tatu tu — anavuta, analia, mi nalia naye. Nikamubeba mpaka kwa kiné, mwenye kukanda misuli ya wagonjwa katika camp ya jeshi: Bokungu, askari wa Équateur. Akapaka pomade ya baridi, akapitisha kichwa cha mashini polepole. Ultrason. Sauti yenye sikio haisikie. Kisha maziwa ikatoka yenyewe, blouse yote maji. Nirudi jeudi.

Mardi, 6/3
Mama mukwe amesikia. Anasema: Mama Ngoy, usimunyonyeshe tena. Kwao Luena, mine ya makaa ikilipua baruti, mitungi inapasuka ndani ya nyumba bila muntu kuigusa. Basi na maziwa yangu imepasuka. Nikasema hii sauti haisikike. — Yenye haisikike njo mubaya zaidi. Boîte ya maziwa ya unga iko tayari mezani. Bwana yangu Mwenze anaangalia viatu vyake. Mtoto wa jirani yetu Léonie alianza boîte, akaharisha mpaka macho ikaingia ndani. Mi sitaki.

Jeudi, 8/3
Nimemuuliza Bokungu: maziwa inapasuka ao haipasuke? Anasema mafuta yake iko tone-tone, kila tone na ngozi yake, nyembamba kupita ya kitunguu, nayo ya mafuta vilevile. Sauti ndogo inaitetemesha, inatulia. Sauti kali inaipasua — tone inakuwa kama vumbi, mafuta haipande tena juu.

— Na sauti ya mashini yako?

— Ndogo, citoyenne.

— Nitaangalia mwenyewe.

Akacheka. Alipomaliza, nikakamua palepale, kuume na kushoto, chupa mbili. Nyumbani nikamimina katika gilasi mbili, nikamwambia mama mukwe: mafuta ikipanda juu, maziwa haijapasuka. Mi peke yangu najua ipi ni ipi.

Mama mukwe akavuta kiti, akazichunga toka saa sita. Eti nisidanganye. Saa kumi, utando wa mafuta juu ya zote mbili, sawasawa. Akapima na kucha. Akanusa.

— Hii njo ya mashini. Inanuka chuma.

Ile ya kushoto. Mashini haijaigusa hata siku moja.

Nikamwambia. Akanusa tena ile ya kushoto. Halafu: basi sauti imevuka upande wa pili.

Akachukua boîte na kijiko. Mi nikakaa mbele yake, nikafungua blouse, nikampa Ngoy ya kuume. Anavuta vizuri, anatoa jasho. Naandika na mkono moja. Mama mukwe bado amesimama. Ncha ya kijiko iko chini ya kifuniko cha boîte, lakini hajakibandua.