Tumeifuta Kompyuta Yako, Fundi

Fundi Etyang,

Tumeifuta kompyuta yako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Mteja akileta habari za mvua na mahindi, ulikuwa unamkata, "Boss, mashine imefanya nini?" Basi mashine yako haina kitu tena. Tuliifuta Jumamosi, nyumbani kwako, mimi na binti yako Amoit, mama yake akiwa amesimama mlangoni na leso mdomoni.

Acha nikueleze ilivyokuwa, tangu siku ile.

Ulianguka asubuhi, pale karakana yetu Malaba, bisibisi ikiwa mkononi. Nilidhani umeinama kuokota skrubu. Miaka minne nimefanya kazi chini yako, tangu niache kuuza mitumba Bumala nikaja kukuomba unifunze, na sikuwahi kukuona umekaa sakafuni. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umepinda. Dereva mmoja wa trela, kati ya wale wanaongoja kuvuka Uganda, ndiye aliyenisaidia kukubeba. Hospitalini Busia walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Uliishi siku tatu. Hukusema neno hata moja.

Unajua mimi nilikuwa nafikiria nini siku hizo tatu? Nilikuwa nafikiria laptop.

Nilikuwepo ulipoitengeneza. Macho ya Amoit yalikuwa yamefifia mpaka anaona mwanga na kivuli tu, na walimu wakaanza kumwonea huruma badala ya kumfundisha. Ukatoa laptop kuukuu iliyokuwa imekataliwa na Windows mpya, ukaweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwa sababu programu ya kumsomea skrini ilikuja humo humo ndani, bila leseni, bila kumwomba mtu ruhusa. Uliniambia, "Hii ni ya watu wote, Nafula. Ikikosea, unafungua unarekebisha. Haufichwi kitu." Halafu kila jioni baada ya kufunga kazi ukakaa na vitabu vyake, Biolojia, Historia, ukajirekodi humo ukisoma ukurasa baada ya ukurasa. Ulikuwa unakohoa katikati. Ulikuwa unasema, "Hapa kuna mchoro wa moyo, Amoit, ngoja nikueleze umekaaje." Vitabu vitatu vizima.

Na diski yote ukaifunga kwa paswadi unayoijua wewe tu, ukawa unamfungulia Amoit wewe mwenyewe. Hilo nalo ninalielewa. Kuna mama wa sokoni alituletea kompyuta yake, ikaibwa mikononi mwetu, na picha zake zikatembea kwenye simu za watu mpaka ng'ambo ya mpaka. Yule mama alihama. Tangu siku hiyo ukaapa hakuna mashine yako itakayoachwa wazi. "Bila paswadi hata mimi siingii," ulisema. Ulisema kwa fahari, na mimi nikacheka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya pili hospitalini, Mama Amoit alitoka kutafuta uji. Nikakuinamia. Sikukuuliza unaumwa wapi. Sikukuuliza kama una kiu. Nilikuuliza paswadi. Ulinitazama kwa lile jicho lililokuwa bado linafunguka, ukanitazama muda mrefu, Fundi, na mimi badala ya kuona aibu nikakuwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto na kadi ya kliniki chini yake. Ukachora. Mistari kama nyayo za kuku. Ya kwanza labda ni m, labda w. Karibu na mwisho kuna yenye mkia. Kalamu ikaanguka, chozi likateremka mpaka sikioni. Nikasikia viatu vya Mama Amoit, nikaikunja kadi nikaitia mfukoni kama mwizi.

Ulifariki kesho yake alfajiri. Sikuwa nimekuaga. Nilikuwa nimekuuliza paswadi tu.

Nimeijaribu ile kadi wiki sita. Nimejaribu m, nimejaribu w, jina la Amoit, jina la mama yako, shule yako, kanisa lako, kwa herufi kubwa na ndogo. Nimepekua droo zote za karakana nikitafuta nakala. Wewe uliyekuwa unawafokea wateja, "Nakala! Wekeni nakala!" Mganga hajigangi. Nilipata flashi moja tu, nikaichomeka, na ndani yake hamkuwa na sauti yako. Ilikuwa ile flashi ya kusimika Linux.

Siku hizi nafikiri labda hukuandika paswadi. Labda uliandika maji.

Aliyekata shauri ni Amoit. Nilienda kwenu na kompyuta, nikaanza kumweleza kwamba nitajaribu tena, nitatafuta mtu Nairobi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Anti, hiyo mashine mnaichunga kama maiti. Papa tulishamzika. Mimi niko na mtihani." Mama yake akamkemea. Yeye akabaki ameelekeza uso ukutani.

Basi nikachagua mfumo. Nilijaribu aina tatu za Linux. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, lakini macho yalikuwa ya nini? Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa bubu mpaka imalize kusimikwa, na Amoit angekaa pembeni akingoja nimfanyie. Nikachukua ya tatu. Ina sura ya umaskini. Ila ukiiwasha inalia mlio mmoja, unabonyeza s kisha Enter, na inaanza kusema tangu hatua ya kwanza. Ungeichagua hiyo hiyo.

Alisimika yeye. Mimi nilikaa kando, mikono mapajani. Ikamuuliza lugha, ikamuuliza saa za nchi. Ikamwomba jina la mashine, na nikaogopa ataandika jina lako. Aliandika lake.

Kisha ikafika kwenye diski. Ile sauti kavu ikasema kwa Kiingereza kwamba kila kilichomo kitapotea. Amoit akauliza, "Hiyo ndiyo yeye?" Nikasema ndiyo, ndiyo yeye. Nikamwambia tunaweza kuacha, tutafute mashine nyingine hata kama itachukua mwaka. Alitafuta kitufe kwa kidole cha shahada, akakipapasa kingo zake, akakibonyeza.

Mama Amoit alitoka nje. Tulimsikia upande wa jikoni akiita jina lako, mara moja tu.

Sisi tukabaki tunasikiliza asilimia. Kumi. Ishirini na mbili. Nilitaka kuchomoa waya. Fundi, nilitaka kuchomoa waya, na nilijua hata nikichomoa haikusaidii kitu tena.

Ilipouliza kama tuifunge diski kwa paswadi, Amoit alisema, "Papa angefunga." Nikamwambia hapana. Hapo nilikuasi, na sikuombi msamaha. Mashine ya mwanafunzi haina siri ya kuua mtu.

Baada ya hapo tuliitengeneza imkae vizuri. Tuliweka sauti ya Kiswahili. Inatamka kama mgeni aliyeshuka basi jana, na "ng'ombe" imeishinda kabisa. Tuliipunguza mwendo, tukazima urembo wote wa skrini ili mashine isichoke, tukampangia vitufe vya kufungua vitabu bila kutafuta kishale. Alijifunza kwa saa mbili yale yaliyonichukua wiki. Ana kichwa chako, na hasira yako pia.

Karakana haipo. Chumba kimechukuliwa na mtu wa makava ya simu. Mimi napigia kazi kwenye veranda ya fundi cherehani, meza moja, na wateja wako wengine bado wanakuja kuuliza mzee yuko wapi. Nawaambia. Wengine wanaondoka na mashine zao.

Juzi Amoit aliniomba nimwigizie ulivyokuwa unasoma. Nikajaribu, nikaweka hata kikohozi. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hapana. Hakuwa hivyo." Akaomba nisirudie.

Sitarudia. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, Fundi, na nyingine ni hii: nitamsomea vitabu vyote vitatu upya, kila Jumamosi, nikijirekodi, kwa sauti yangu mimi, na Kimarachi changu, lugha ya kwetu, kikinichanganyia b na p. Kila sura naweka nakala mbili, moja kwa Mama Amoit, moja kwangu. Nikifika kwenye michoro nakwama, sijui kueleza kama wewe. Tunaenda polepole.

Pumzika sasa. Sitakuuliza kitu kingine.

Tuko sura ya pili.

Nafula