Nilimtetea Mjomba, Nikamsahau Bibi

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na ziwa limepotea. Kutoka mlangoni naona michikichi ya jirani, halafu weupe mtupu.

Leo ni siku ya tisa Bibi anakula peke yake.

Mimi si msemaji. Kule lise, shule yangu ya sekondari, prof akiuliza swali ninalolijua, naangalia daftari mpaka mwingine ajibu. Siku moja tu nilifungua mdomo, tena nyumbani.

Mwezi uliopita mjomba wangu alikwenda kumtolea mgonjwa damu, akaambiwa ana virusi vya hepatiti B, homa ya ini. Tukapimwa wote wa nyumba hii. Mimi sina, mke wake Mama Zaituni hana. Bibi, mama yake mjomba, anavyo. Aliikunja karatasi yake ya majibu, akaifunga kwenye pindo la kitenge, na hakuna aliyeizungumzia. Ila Mama Zaituni alimuuliza mjomba swali lilelile kila siku: "Uliitoa wapi?" Mjomba hupeleka mawese Nyanza-Lac na hulala huko. Kwa Mama Zaituni, huko lazima kuna mwanamke.

Nikaenda kusoma kwenye simu. Nikakuta kwamba virusi hivi si vya namna moja. Vinapojinakili hukosea kidogo kidogo, na makosa yakikusanyika miaka mingi, vinagawanyika kama koo. Kila ukoo una herufi yake, A mpaka J. Nilipenda sana. Nilichora mti wake kwenye daftari. Nikasoma pia kwamba mama anaweza kumwambukiza mtoto anapomzaa, na mtoto akakaa navyo mpaka utu uzima bila kuumwa.

Ijumaa ile tulikuwa mkekani, sinia moja, ugali na ndagala. Mama Zaituni akaanza tena. Nikasema, macho yangu kwenye sinia, kwamba si lazima iwe mwanamke wa Nyanza-Lac. Virusi vya mtoto huwa ukoo mmoja na vya mama yake. Mjomba na Bibi wakichunguzwa, watakutwa na herufi moja.

Mjomba akajipiga paja. "Umesikia? Mutoto wa lise amesema."

"Umepata avoka wa kukutetea bure," Mama Zaituni akamjibu, lakini alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu zile karatasi zije. "Kula basi, mushitakiwa."

Nilifurahi. Nakiri, nilijiona prof.

Ndipo nikauona mkono wa Bibi umesimama, tonge ndani yake. Alilishika hivyo mpaka tulipomaliza kula.

Tangu hapo ana sahani yake, anakaa nayo mlangoni mwa jiko. Zaituni, mtoto wa mjomba, ana miezi miwili, na Bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi. Sasa anasema mikono inamuuma. Nimemweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa sinia wala kwa kumwogesha mtoto, na kwamba Zaituni amechanjwa. Ananijibu, "Murakoze, mwanangu," kama anamshukuru mgeni.

Jana nilirudi kwenye ule ukurasa, nikausoma mpaka mwisho. Watu wengi wa eneo moja huwa na ukoo mmoja wa virusi. Herufi ileile inaweza kukutwa kwa mjomba, kwa Bibi, na kwa mtu wa Minago ambaye hawajawahi kumwona. Peke yake haisemi nani alimpa nani. Na karatasi zetu hazina hata herufi. Zimeandikwa pozitifu au negatifu, basi.

Nilisoma nusu ya ukurasa, nikamhukumu bibi yangu.

Hata kama ingekuwa kweli, angejuaje? Naye alizaliwa na mtu.

Leo mchana nilijikaza, nikakaa naye mlangoni mwa jiko, nikatia mkono kwenye sahani yake. Akautoa wake. Akaisukuma sahani kwangu. "Kula, mimi nimeshiba."

Hakuwa amemega hata tonge moja.

Kinachonizuia ni mjomba. Nikisema ukweli wote, Mama Zaituni ataanza upya, na ile herufi haitamwokoa tena. Nimelifikiria hilo tangu jana. Lakini nilisema mbele ya wote, siwezi kusahihisha kwa kumnong'oneza Bibi jikoni.

Kesho sinia ikiletwa nitausoma ukurasa kwa sauti, Bibi asikie kutoka kule mlangoni. Mjomba atanikasirikia. Nitaanzia pale nilipoacha.