Sikuisikia tak

Pu! Nikageuka, binti yangu yuko sakafuni wodini.

Kosa ni langu, ndugu yangu. Nilishusha kizuizi cha kitanda nimnyweshe maziwa, nikakipandisha, nikaenda kuosha kikombe. Kizuizi hakikulia tak.

Na muuguzi alinionya asubuhi! "Baba, usiposikia tak, hakijafunga. Niite." Nami na ushairi wangu:

"Dada, mtoto ni wangu, sihitaji lako somo,
Kitanda hiki ni changu, hebu funga hilo domo."

Wodi nzima ikacheka. Ikacheka!

Wamempiga picha ya kichwa, majibu bado. Halii. Heri angelia.

Muuguzi hakunisuta. Kauweka mkono wangu kwenye chuma cha kizuizi: "Haya, funga wewe."

Tak.

Nimemwambia binti yangu, wodi ikisikia: "Mama, sikupi mgongo tena kabla ya tak."