Hatari Iliyokubaliwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: shambulio la kudhuru mwili
Jina la shahidi: limehifadhiwa jaladani kwa ombi lake
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa mifumo ya kompyuta, shirika linalowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, anaishi na mume na mtoto mmoja
Yamechukuliwa: Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa sita, saa tatu na robo asubuhi

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa.

Nimefanya kazi katika shirika hili kwa miaka saba. Kazi yangu ni kuhakikisha kompyuta zinafanya kazi, taarifa zinatunzwa, na asiyehusika hazioni. Shirika lina nyumba tatu ambazo anwani zake hazitajwi kwa mtu. Mwanamke akipokelewa hufunguliwa faili kwenye mfumo. Humo huandikwa jina lake, watoto wake, nyumba aliyopelekwa na mahali ilipo, na vitu anavyohitaji wiki hadi wiki.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuta akaunti moja inaitwa "mapokezi". Ilitumiwa na kila aliyekaa kwenye meza ya mapokezi, na ilifungua mafaili yote. Neno lake la siri lilikuwa jina la shirika na mwaka lilipoanzishwa. Vyote viwili vimechapishwa kwenye kalenda tunazogawa bure. Tena mtu hakulazimika kuwa ofisini. Aliweza kuingia kutoka popote penye intaneti.

Nilimwandikia Meneja wa Utawala, ambaye ndiye mkubwa wangu wa kazi. Alinijibu kwamba ripoti ya wafadhili hutengenezwa kwa kupitia akaunti hiyo, na mtu aliyeujenga mfumo alishaondoka. Tukibadilisha neno la siri ripoti itakwama, na kuitengeneza upya kungetaka mfumo uzimwe siku mbili. Akasema tusubiri ripoti ipite. Nilisubiri. Ripoti ikipita, nyingine ilikuwa imeshafika mlangoni. Nimepigwa danadana hivyo miaka sita. Barua zangu ni kumi na moja, na nakala zake nimemkabidhi afisa.

Kila baada ya miezi mitatu nilisimama mkutanoni kusoma orodha ya mianya ya mfumo. Wenzangu walinibandika jina la Bi Matundu. Nikisimama tu, Meneja anauliza, "Haya Bi Matundu, leo tunavuja wapi?" Watu wanacheka. Na mimi nilicheka, sitaficha.

Mwaka jana mwezi wa tisa walikuja wakaguzi wa nje. Kanuni yao ni kwamba mwanya uliokaa zaidi ya siku tisini bila kuzibwa huandikwa kwa wino mwekundu. Meneja aliniita ofisini kwake. Aliniambia wa mapokezi niuandike "hatari imekubaliwa", maana kanuni inaruhusu, na ukiandikwa hivyo unatoka kwenye wekundu.

Nikamuuliza, "Imekubaliwa na nani?"

Akasema, "Na shirika."

Nikamwambia shirika haliishi kwenye zile nyumba. Akavua miwani, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto msumbufu. "Dada, unataka tufunge ofisi? Tukikosa wafadhili hao kina mama utawapeleka kwako?"

Nilitia saini. Ni ya kwangu, ipo ukurasa wa nne. Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba nimechoka kubishana na ukuta.

Mwanamke aliyeshambuliwa nilikuwa namfahamu. Kwenye nyumba aliyohifadhiwa wanamwita Mama Pacha, ana watoto mapacha wa miaka minane. Ni fundi wa kushona. Nilipokwenda kurekebisha kompyuta ya mlezi wa nyumba, aliona koti langu limefumuka kwapani, akanivua kama mdogo wake na kulishona papo hapo. Alisema, "Unatembea na dirisha, halafu unasema unalinda watu." Hatukuwa marafiki, lakini tulikuwa tukisalimiana vizuri.

Mnamo Alhamisi, tarehe 13 mwezi huu, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mume wake alifika kwenye geti la nyumba hiyo. Hapo sikuwepo, haya nimeelezwa na mlezi wa nyumba. Mwanamume huyo alimwambia mlinzi kwamba ametumwa na ofisi kumletea Mama Pacha kitambaa chake, mita kumi na mbili, cha bluu. Mlezi alikuwa anakisubiri kitambaa hicho. Mlinzi akafungua. Mama Pacha alikuwa anaanika nguo. Alivunjwa taya, na mkono wa kulia alikatwa alipojikinga. Mapacha walikuwa shule.

Kesho yake, Ijumaa saa tatu asubuhi, Meneja alitukusanya chumba cha mikutano. Alitwambia polisi wanamtafuta mdogo wake Mama Pacha, kwa kuwa nje ya shirika ni yeye peke yake aliyeambiwa mtaa. "Ni mambo ya kifamilia," alisema. "Sisi tuwape pole, tusiyaingilie." Watu waliguna na kutikisa kichwa. Mmoja alisema damu siku hizi si kitu.

Mimi nilibaki na hiyo bluu. Ombi la kitambaa liliingizwa kwenye faili Jumatatu, tarehe 10. Mdogo wake alizungumza naye kwa simu mara ya mwisho tarehe 2; mlezi huandika simu zote kwenye daftari. Huyo mdogo angejuaje rangi?

Saa tano na dakika ishirini nilifungua kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani ameingia na lini. Jumanne, tarehe 11, saa tisa alasiri, mtu aliye nje ya ofisi alijaribu akaunti ya mapokezi. Alikosea mara sita. Ya saba aliingia. Hakupekua. Alitafuta jina moja, akalisoma faili kwa dakika nne, akatoka. Anwani ya mtandao aliotumia nimeiandika kwenye karatasi niliyomkabidhi afisa. Polisi wataujua ni mtandao wa nani; mimi ninavyofikiri nimemweleza afisa.

Nilizichapisha kumbukumbu hizo kwenye karatasi nyingine, nikampelekea Meneja kabla ya chakula cha mchana. Alifunga mlango. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

"Hizi kumbukumbu hujifuta baada ya muda gani?"

"Siku thelathini."

"Basi usiziguse. Usifute kitu, tusije tukaonekana wabaya. Ziache tu."

Nilirudi mezani nikazinakili kwenye flashi, ambayo nimeikabidhi leo. Kisha nikaendelea na kazi. Nimeulizwa kwa nini sikuja siku hiyo hiyo. Niliogopa. Niliona saini yangu itaonekana kabla ya barua zangu.

Jumatatu, tarehe 17, mlezi wa nyumba alinipigia kuuliza habari ya kompyuta yake, na katikati ya maneno akaniambia yule mdogo mtu amekamatwa tangu Jumamosi. Akaongeza kwamba Mama Pacha amekataa hata kusikia jina lake. Nilimweleza mume wangu yote. Alisema, "Wewe uliripoti miaka sita. Mikono yako ni safi. Waache wenye shirika wajibu." Alitaka kunifariji.

Jana Jumatano saa saba mchana nilikwenda hospitali. Mama Pacha yuko wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Taya limefungwa kwa waya, anazungumza kwa kubana meno. Mkono umefungwa hadi kwenye vidole. Alinitambua. Nilikaa nikamwambia, "Si mdogo wako. Mumeo aliingia kwenye mfumo wetu, akasoma faili lako."

Muuguzi alikuja akabadilisha dripu, akaondoka.

Akauliza, "Mlijua pako wazi?"

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Mimi nimekuja kwenu mwaka jana mwezi wa kumi na moja," alisema. "Mliniambia hapa ni salama. Mlinipa fomu nikasaini."

Nilisema ndiyo. Nilianza kumweleza juu ya barua kumi na moja. Alinyanyua ule mkono mzima kidogo, nikaacha.

Akasema, "Mdogo wangu aliletwa hapa na mama kuniona, kabla hawajamkamata. Alipiga magoti hapo ulipokaa. Nikamwambia mbele ya mama kwamba sina mdogo. Nikamwambia nikifa asinizike." Aligeukia ukutani. "Mimi ndiye niliyewapa polisi jina lake. Nenda kawaambie wamtoe. Na wewe usirudi tena hapa."

Ndiyo sababu nimekuja. Mdogo wake hakumwambia mtu. Aliyemfungulia mwanamume yule njia ni shirika letu, na mimi nikiwemo, kwa mwanya tuliokuwa tunaujua na nilioukubali kwa saini yangu. Kulikubali jambo hilo hakukuwa haki yangu. Wala hakukuwa haki ya Meneja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, pamoja na siku sita nilizokaa kimya. Nimesomewa yote, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imesainiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi. Nimepokea nakala za barua kumi na moja, flashi moja na karatasi moja. Anwani ya mtandao imefuatiliwa leo na kukutwa ni ya gereji anakofanya kazi mume wa majeruhi. Mdogo wake majeruhi ameachiwa bila masharti saa tisa na dakika hamsini alasiri. Amejulishwa kwamba dada yake ndiye aliyetaka aachiwe, na akaulizwa kama apelekwe hospitali au ana ujumbe wa kufikishwa. Amesema hana. Ameomba arudishiwe kamba za viatu vyake, akaondoka.