Namba Ileile kwa Miaka Sita

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya karakana ya matairi,
S.L.P. 61.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Mapacha hawajambo? Kikohozi cha yule mdogo kimekwisha au bado kinawakesheni? Hapa nilishaandika "mimi mzima wa afya, hofu ni kwako", kama tulivyofundishwa shuleni, kisha nikaifuta. Lile doa jeusi unaloliona hapo juu ndilo hilo. Mimi si mzima, Chiriku, na nimechoka kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Jumanne ya wiki juzi nilikuwa natia vifungo kwenye mashati ya sare. Taya likaanza kuniuma, katikati ya mabega kukabana, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Nikasema gesi hiyo. Nikanywa maji, nikatia vifungo kumi na kimoja vingine. Kumi na kimoja! Shemeji yako aliporudi na lori lake alinikuta nimelalia meza ya kukatia vitambaa. Alinibeba begani hivyohivyo hadi hospitali, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Ni moyo. Wamesema shambulio dogo, eti nishukuru. Nina miaka arobaini na mitatu tu.

Basi usilie, sijafa, si nakuandikia? Ila nina hasira, na lazima uzisikie wewe kwa sababu zinakuhusu.

Daktari wa moyo ni mama mmoja mfupi, akisema kaa unakaa. Aliomba kadi yangu ya kliniki ya kina mama. Unaikumbuka, ile ya kijani, tuliyopewa sote wawili siku moja tulipoambiwa ovari zetu zina vifuko, ukiwa bado hujaondoka huku. Ndiyo maana hedhi ilikuwa inakuja ikijisikia, ndevu kidevuni tunazing'oa kwa kujificha, na mimba hazishiki. Mama yule akaisoma kadi, akanigeuzia nione mwenyewe. Presha yangu ni 120 kwa 80. Mara ya kwanza 120 kwa 80. Mara ya mwisho 120 kwa 80. Miaka sita mfululizo, mdogo wangu, namba ileile!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mkanda wa presha wa pale kliniki haukuwahi kunienea. Muuguzi anauzungusha mkononi mwangu, unafyatuka. Anacheka, "mama, huo mkono au paja?" nami nacheka kwa aibu, halafu anainama na kuandika. Nilidhani anaandika kwamba hakunipima. Kumbe ananakili ya mara iliyopita!

Jamani! Mimi fundi cherehani, shule yenyewe sikumaliza, lakini mteja akirudi kwangu simkatii kitambaa kwa vipimo vya zamani. Namsimamisha, namzungushia futi upya, hata awe na haraka ya kwenda kuolewa. Na hicho ni kitambaa tu, kikiharibika kinanunuliwa kingine.

Na yule daktari wa uzazi naye! Nilipomwambia nimekata tamaa ya mtoto, alifunga faili langu na kusema, "Basi, sisi tumemaliza." Wamemaliza nini? Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti!

Huyu mama wa moyo ndiye aliyenifafanulia, tena kwa dakika kumi tu. Vifuko si habari ya mimba peke yake. Mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri, presha inapanda, mafuta kwenye damu yanazidi, na taratibu mishipa ya moyo inaziba. Si kila mwenye vifuko yatamkuta, lakini sisi tuko hatarini kuliko wenzetu, hata aliye mwembamba. Kwa hiyo tunatakiwa kupimwa mapema na kufuatiliwa, tukitaka watoto tusitake. Nikamuuliza, mbona hatukuambiwa? Akasema, "Mlikuwa mnaulizwa habari ya mtoto tu." Ningepiga meza, ila nilikuwa nimejaa nyaya kifuani.

Shangazi alikuja kuniona. Akasema moyo wangu umechoka kwa kukosa mtoto. Nikamwambia, shikamoo shangazi, na kwa heshima zote, moyo wangu umechoka kwa mishipa. Amenuna. Ananuna huku anamaliza machungwa yangu.

Shemeji yako, masikini, amegeuka polisi wa chumvi. Kopo amelificha kwenye lori, anazunguka nalo barabara zote.

Sasa nije kwako. Wewe ulipopata mapacha tulipiga vigelegele, daktari wako akakwambia umepona, ukaichana kadi ya kijani. Hukupona, Chiriku. Ulizaa tu.

Na mimi nimekufanyia nini? Mwaka jana nilikushonea gauni la buluu. Vipimo nilivitoa kwenye daftari langu, vya mwezi ule unaondoka, miaka minane nyuma. Ukaniandikia kwamba zipu imegoma kiunoni, tena siku hizi ukipanda ngazi za nyumbani kwako unasimama mara mbili kuvuta pumzi. Nikakujibu kwa kicheko: umenenepa, maisha yamekukubali. Hilo ninalomtukania muuguzi, ndilo nililolifanya kwako, damu yangu mwenyewe. Nilinakili. Nimelia kwa hilo kuliko kwa moyo.

Kwa hiyo sikuombi, nakuamuru kama dada yako mkubwa. Wiki hii nenda ukapimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Ukifika usiwafiche, waambie una vifuko na dada yako ameanguka kwa moyo. Mkanda usipokuenea, usicheke kama nilivyocheka mimi. Dai mkubwa. Upo, nimeuona kwa macho yangu, unakaa kwenye droo. Wakikwambia una mapacha huna tatizo, waambie hukuja kupimwa tumbo. Na siku taya likikuuma na jasho kukutoka bila sababu, acha chochote ulichoshika, kimbilia hospitali.

Msalimie sana shemeji. Wabusu mapacha kila mmoja mara mbili, wasigombane. Msalimie na yule jirani yako msusi, mwambie naye akapimwe, kukusindikiza tu hakutoshi. Mungu akulinde, nawe umsaidie kidogo, usimwachie kazi yote.

Ndani ya bahasha nimekukunjia futi yangu ya njano, ileile niliyokupimia siku unaondoka. Jipime upya, kiuno kwanza, bila kuvuta tumbo ndani. Gauni nitalishona tena, nikipata nguvu. Lakini barua yako ikija na "mimi mzima wa afya", naapa nitairudisha bila kuisoma. Niandikie namba.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,
Fundi